MKUNGURU, NA JINSI MWILI UJIFUNZAVYO KUJILINDA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa pamoja wa wanachama wa Kibaha na Kisarawe. Maswali machache yaliyoulizwa, pamoja na majibu yake, yametiwa mwishoni.)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mwaka nawafundisha wanafunzi wa uganga waanzao masomo yao, yaani jinsi mwili wa binadamu unavyojilinda na maradhi. Wanafunzi hao hupewa majuma mengi. Mimi leo nimepewa saa moja, na Bwana Katibu amekwisha nionya kwamba wenzetu wa Mzenga na Maneromango wana safari ndefu ya kurudi kwao. Kwa ajili hiyo sitawapitisha katika kitabu chote. Nitashika neno moja tu la Kiswahili ambalo wengi wetu tulilisikia kwa wazee, nalo ni mkunguru.

Mkunguru ni homa impatayo mtu aliye mgeni katika nchi. Mtu akifika pwani kutoka nchi ya baridi, akalala kwa homa na kutetemeka, wazee walisema, "Huyu kapatwa na mkunguru, akiishi atazoea." Katika maneno hayo machache mna elimu kubwa. Wazee hawakusema kwamba mgeni ni dhaifu. Huenda mgeni yule alikuwa mpagazi mwenye kifua kipana, naye mwenyeji aliyemwuguza alikuwa mzee mkonda. Walisema kwamba mwenyeji amezoea na mgeni hajazoea. Basi, tofauti iliyokuwa baina yao haikuwa tofauti ya nguvu, bali ya mazoea. Na mazoea ni namna ya elimu.

Neno hili latuhusu sisi kuliko watu wengine wote, kwa kuwa sisi ndio watu wa barua za uhamisho. Karani aliyekaa Njombe miaka kumi huamriwa kuja Mlandizi. Mwalimu wa Mbulu huletwa Masaki. Huja na mkewe na watoto waliozaliwa katika nchi ambayo mbu wake ni wachache, na kabla miezi mitatu haijatimia nyumba yake imegeuka kuwa wodi. Ndipo maneno huanza. Huyu asema nyumba ile ina kitu. Yule asema kuna mtu ofisini aliyekitamani cheo cha mgeni. Nimeona urafiki wa watu wazima ukivunjika kwa maneno ya namna hiyo, na nimeona mtoto akicheleweshwa kupelekwa hospitali kwa siku mbili huku wakubwa wakitafuta mchawi. Ikiwa hotuba hii haitafanya jambo lingine lo lote, nataka iwatoe wanachama katika makosa hayo.

Na tuanze langoni. Ngozi ni ukuta wa kwanza. Makamasi ya puani na makohozi ya kifuani hunasa uchafu, na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho huusukuma nje. Ukali wa tumbo huua vijidudu vingi viingiavyo pamoja na chakula. Hayo mwayajua, sina haja ya kuyakalia.

Ukuta ukivunjika, mathalani mtu akichomwa na mwiba shambani, kuna walinzi wa zamu waliokwisha kuwapo pale pale chini ya ngozi. Hao ni chembe za damu nyeupe zilazo vijidudu, yaani huvimeza na kuvisaga. Huita na wenzao: mishipa midogo ya damu hutanuka, damu huja nyingi, maji hutoka mishipani, ndiyo sababu mahali pa mwiba huwa pekundu, pakapata moto, pakavimba na kuuma. Usaha tuuonao ni mizoga ya walinzi hao pamoja na ya adui zao. Walinzi wa zamu wana sifa moja njema na upungufu mmoja. Sifa yao ni wepesi, kwani huanza kazi mara moja. Upungufu wao ni kwamba hawamjui mtu kwa jina. Humtambua mgeni kwa alama chache tu zilizo za vijidudu vyote vya aina yake, kama vile askari mlangoni amjuavyo asiye na kitambulisho bila ya kujua ni nani wala ametoka wapi. Na mgeni yule yule akirudi kesho, askari huyu kwa kiasi kikubwa hamkumbuki.

Basi hapo ndipo ofisi inapoingia, na mtanisamehe nikitumia mifano ya kazi yetu, kwa maana sijapata mifano iliyo bora zaidi.

Miongoni mwa walinzi wa ngozini wamo wengine ambao kazi yao hasa ni ya utarishi. Tarishi huyu akisha kummeza adui huchukua vipande vya mwili wake, akavibandika juu ya mwili wake mwenyewe kama mtu abebaye barua mkononi ili kila mtu aione, kisha huondoka na kufuata njia ya maji ya mwilini hadi afike katika tezi iliyo karibu. Kila mmoja wetu amepata kuziona tezi hizo. Mtu akiumia mguu, baada ya siku chache hutokwa na mtoki kinenani. Twaita mtoki ugonjwa, na wengine huukanda kwa maji ya moto kana kwamba ni kosa la kusahihishwa. Kwa kweli mtoki ule ni boma ambalo tarishi amefikisha barua yake, na umevimba kwa sababu baraza linakaa.

Sasa, ndani ya boma wamo makarani wengi kupita hesabu zetu. Kila karani amezaliwa na mhuri mmoja tu, na mhuri wake una sura yake peke yake. Jambo hili huwastaajabisha wanafunzi wangu kila mwaka, nami bado lanistaajabisha. Mwili haungoji adui aje ndipo utengeneze mhuri wa kumfaa. Hutengeneza mihuri ya kila sura kabla, mamilioni na mamilioni, mingi yake kwa maradhi ambayo mtu huyo hatayapata maishani mwake. Tarishi huipitisha barua yake mbele ya makarani hata apatikane yule mmoja, au wale wachache, ambao mhuri wao walingana na kipande kile kama ufunguo na kufuli. Huyo aliyelingana hupewa amri ya kuzaana. Mmoja huwa wawili, wawili wanne, wanne wanane, mpaka liwe jeshi zima la mhuri mmoja. Kazi hiyo yataka siku. Kwa adui asiyepata kuonekana, kwa kadiri ya juma moja hadi mawili hupita kabla mwili haujawa na nguvu kamili juu yake, na katika siku hizo mgonjwa yumo kitandani.

Makarani hao ni wa jamaa mbili kubwa, wote asili yao ni katika uboho wa mifupa. Jamaa ya kwanza hutengeneza kingamwili, vitu vidogo sana vielevyo ndani ya damu na kumgandama adui ili asiweze kuingia katika chembe za mwili, au ili walaji wamwone upesi. Jamaa ya pili hawatumi kitu; hufanya kazi wenyewe. Baadhi yao huziua chembe za mwili ambazo virusi vimekwisha kaa ndani yake, na wengine, waitwao wasaidizi, hawaui wala hawatengenezi kingamwili, bali hutoa idhini. Bila ya idhini yao idara nyingi hukaa tu. Jamaa hii ya pili hupelekwa kwanza shule, katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko huonyeshwa vipande vya mwili wenyewe, na ye yote atakayetaka kuupiga mwili wake huondolewa. Mtihani huo ni mkali mno. Walio wengi hushindwa, nao hawaondoki shuleni wakiwa hai. Hata hivyo wachache wenye makosa hupenya, ndiyo sababu yako maradhi ambayo mwili hujishambulia, kama vile namna moja ya kisukari iwapatayo watoto. Na kuna watu ambao miili yao hukasirishwa na kitu kisicho na dhara, vumbi au chakula fulani, wakapatwa na pumu au vipele. Mlinzi mkali si lazima awe mlinzi mwema.

Adui akisha kushindwa, jeshi huvunjwa. Walio wengi hufa. Wachache huachwa wakae katika tezi, katika wengu na katika uboho, nao ndio masjala. Jalada limefunguliwa. Adui yule yule akirudi hata baada ya miaka mingi, hakuna tena haja ya kupitisha barua mbele ya mamilioni. Jalada huvutwa, na majibu hutoka katika siku chache, mara nyingi kabla mtu mwenyewe hajajua kwamba aliingiliwa.

Majalada haya hudumu muda gani? Ushahidi ulio bora ulipatikana mbali sana na kwetu, katika visiwa vya Faroe vilivyo katika bahari ya kaskazini ya Ulaya. Surua iliingia huko mwaka 1781, kisha haikuonekana tena mpaka mwaka 1846. Mwaka huo watu zaidi ya 6,000 waliugua kati ya watu wapatao 7,800. Mganga kijana wa Denmark, jina lake Panum, alitumwa kwenda kutazama, naye akaona kwamba wazee waliopata kuugua ile ya mwaka 1781 hawakuguswa. Jalada lilikaa miaka 65 bila ya kuliwa na mchwa.

Na kwa kuwa nimeitaja surua, kuna habari iliyojulikana vema mwaka 2019 ambayo yapasa kila mzazi aisikie. Wataalamu waliwapima damu watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla ya kuugua surua na baada yake. Waliona kwamba surua ilikuwa imefuta sehemu ya kingamwili zao za maradhi mengine, toka sehemu 11 hata sehemu 73 katika kila 100. Yaani surua haiwi ugonjwa mmoja tu. Huingia masjala ikayachoma majalada ya watu wengine, na mtoto aliyepona surua huanza kuugua upya maradhi aliyokwisha yashinda. Kwa hiyo msishangae manesi wakiwafuata nyumbani kwa ajili ya sindano ya miezi tisa na ile ya miezi kumi na minane.

Chanjo ni nini basi? Ni kufungua jalada bila ya kulipa gharama ya ugonjwa. Watu walilijua jambo hili kabla ya kuwa na darubini. Mwaka 1721 ndui ilipoingia katika mji wa Boston huko Amerika, mtu mmoja aliyetekwa Afrika akafanywa mtumwa, jina lake Onesimus, alikuwa amekwisha mweleza bwana wake jinsi kwao watu walivyochanja ngozi na kutia ute wa ndui kidogo ili mtu augue kwa wepesi asiugue kwa ukali. Kwa ushauri huo watu walichanjwa, na waliochanjwa walikufa wachache kuliko wasiochanjwa. Mwaka 1796 Mwingereza Jenner akaonyesha njia iliyo salama zaidi, ya kutumia ndui ya ng'ombe. Mwisho wa habari uko karibu na kwetu: mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua katika mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, akapona, na mwaka 1980 dunia nzima ikatangazwa kuwa haina ndui. Wakubwa wetu wenye kovu la chanjo begani walibeba hati ya vita vile.

Wanachama wa Kibaha hawana haja ya kwenda Boston. Hapa hapa Kibaha pana taasisi ya Serikali itengenezayo chanjo za mifugo, na moja katika hizo ni chanjo ya kideri ya kuku. Ye yote afugaye kuku ajua kideri kinavyofagia banda kwa siku chache, na ajua pia kwamba hakichagui. Jogoo mnene aliyeshiba mahindi hufa pamoja na tetea mkonda. Lakini kuku aliyetiwa tone moja jichoni hupona, awe mnene au mkonda, mradi tone lirudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Tone lile halimwongezi kuku nguvu hata kidogo. Limemwonyesha tu sura ya adui.

Nalisema hili kwa sababu masokoni mwetu, na siku hizi katika simu zetu, wamejaa watu wauzao maji, unga na vidonge "vya kuongeza kinga". Kinga si tangi la maji, kwamba likipungua lijazwe. Anayekuuzia chupa hiyo mwulize: itafungua jalada la ugonjwa gani? Sisemi kwamba chakula hakina kazi. Mtoto mwenye utapiamlo hufa kwa maradhi ambayo mwenzake huyashinda, kwa maana ofisi isiyo na karatasi haiwezi kufungua majalada. Na vitamini A wanayopewa watoto wetu kwa matone ina faida iliyothibitishwa. Lakini mtu alaye vema, anunuaye chupa ya shilingi elfu thelathini, amenunua chupa.

Sasa turudi kwa mkunguru, maana huenda mmoja wenu ameanza kujiuliza: ikiwa surua huugua mara moja, mbona malaria huugua kila mwaka?

Jawabu ni kwamba kimelea cha malaria ni tapeli wa kubadili nguo. Kikisha kuingia katika chembe nyekundu ya damu, huweka juu ya chembe ile kitu chake cha kunatia katika kuta za mishipa, ili kisichukuliwe na damu mpaka kwenye wengu kikaangamizwe. Kitu hicho ndicho mwili hukisoma na kukifungulia jalada. Lakini kimelea kimoja kina namna kama 60 za kitu hicho, nacho huvaa moja moja. Mwili ukisha kuitambua kanzu ya kwanza, wengine wametokea wamevaa ya pili. Na vimelea vya kijiji kingine vina kanzu zao. Kwa hiyo mtoto wa Kisarawe hana budi kuyafungua majalada moja baada ya moja, homa baada ya homa, kwa miaka. Kinga ya kumzuia asife kwa malaria kali huja mapema kidogo. Kinga ya kumzuia asiugue huchelewa. Na kinga ya kumzuia asiwe na kimelea hata kimoja haiji kabisa kwa watu wengi. Ndiyo maana mtu mzima mwenyeji wa Msanga aweza kuwa na vimelea damuni huku analima.

Robert Koch, yule mganga mashuhuri wa Ujerumani aliyepata kufanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898, alikwenda baadaye New Guinea akapima damu za watu wa vijijini, akaona kwamba vimelea vimejaa katika watoto na huadimika katika wakubwa. Alifahamu kwamba wakubwa wamejifunza. Lakini uthibitisho ulikuja mwaka 1961 huko Gambia. Waganga walichukua kingamwili kutoka damu ya watu wazima wenyeji, wakawapa watoto wagonjwa wa malaria, na vimelea vya watoto vikapungua sana. Mwaka 1963 ikaandikwa habari ya kwamba kingamwili za watu wa Afrika ya Magharibi ziliwasaidia hata watoto wa Afrika ya Mashariki. Kwa mwalimu kama mimi hiyo ni habari tamu: kumbe, pamoja na wingi wa kanzu zote, yako mambo ambayo kimelea cha Gambia na cha kwetu wanashirikiana, na mwili wa mtu mzima umeyajua.

Lakini ada ya shule hiyo ni kubwa mno. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu wapatao 597,000 walikufa kwa malaria, walio wengi kabisa katika Afrika, na humo barani robo tatu ya waliokufa walikuwa watoto wasiotimia miaka mitano. Hao ndio waliokufa darasani. Mtu asije akajisifu kwamba sisi wa pwani tu wagumu. Sisi ni wale waliobaki.

Pana jambo la pili lihusulo uhamisho. Jalada la malaria halikai kama la surua. Lataka kusomwa mara kwa mara. Mwenyeji wa Kisarawe akienda kusoma Ulaya miaka mitano, au akihamishwa kwenda Makete akakaa huko, kinga yake hupungua, ijapokuwa si yote ipoteayo. Akirudi nyumbani kwa likizo, alala bila chandarua kwa kuwa yeye ni mtoto wa hapa, na juma la pili tunamwona wodini akishangaa. Mkunguru haumwulizi mtu kabila. Na mkewe aliyezaliwa Makete, na watoto wake, wamo katika hatari zaidi yake, kwa kuwa hao hawana jalada hata moja. Kwa mtu asiye na kinga, malaria yaweza kutoka katika homa ya kawaida ikafika katika kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo aliyehamia hivi karibuni akipata homa, apimwe siku ile ile, asingoje Jumatatu. Na mtoto akishikwa na degedege, asipelekwe kokote kabla ya hospitali.

Hapa niongeze neno kwa wale walio wenyeji. Kipimo cha damu kikionyesha malaria kwa mwenyeji mtu mzima, yawezekana kabisa kwamba vimelea ni wapangaji wa siku nyingi, na homa yake imeletwa na jambo lingine, kama vile kifua au mkojo. Dawa ya malaria apewe, lakini homa isipotulia arudi, asiseme "nilikwisha tibiwa".

Bwana Mwenyekiti, nakoma hapo ili nijibu maswali.

MASWALI

Mwanachama wa Kisarawe aliuliza: Ikiwa mwili hujifunza kwa kuumwa na mbu, je, si afadhali watoto wasitumie chandarua ili wazoee?

Jawabu: La. Ada ya mazoea hayo hulipwa kwa roho za watoto, na hakuna awezaye kujua ni mtoto wa nani atakayelipa. Ni kweli kwamba mahali ambapo malaria imepungua, watu hukua wakiwa na kinga ndogo, na ikirudi huwapiga hata wakubwa. Hiyo ni sababu ya kutolegeza kazi. Si sababu ya kuwatoa watoto wafundishwe na mbu.

Mwanachama wa Kibaha aliuliza juu ya chanjo ya malaria iliyojaribiwa Bagamoyo.

Jawabu: Jirani zetu wa Bagamoyo, pamoja na Korogwe, walikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo iitwayo RTS,S kuanzia mwaka 2009, kwa watoto wapatao 15,000. Watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata sindano zote nne walipungukiwa na homa za malaria kwa kadiri ya sehemu 36 katika 100 kwa muda wa miaka minne hivi. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwezi wa Oktoba 2021, na ya pili, R21, ambayo pia ilijaribiwa Bagamoyo, mwezi wa Oktoba 2023. Mkiona kwamba 36 ni haba, kumbukeni zile kanzu 60. Chanjo hizi humfundisha mtoto kumtambua kimelea akiwa angali njiani kutoka kwa mbu kwenda ini, kabla hajaanza kubadili nguo. Chandarua hakiachwi.

Bibi mmoja, mwanachama, aliuliza: Kwa nini mwanamke mwenyeji, ambaye haugui malaria, huugua anapochukua mimba?

Jawabu: Kwa sababu kondo la nyuma ni nyumba mpya ambayo haikuwapo mwilini. Vimelea vyenye kanzu ya kunata humo hupata mahali pa kukaa, na mwili haujapata kuiona kanzu hiyo. Kwa hiyo mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, na zifuatazo huwa na nafuu, kwani jalada limefunguliwa. Vidonge vya SP wapewavyo wajawazito kliniki ni kwa ajili hiyo, hata kama mama hajisikii mgonjwa. Naye mama, katika miezi ya mwisho, humpitishia mtoto kingamwili zake kwa njia ya kondo hilo hilo. Ni mkopo wa miezi michache tu, si mali ya mtoto, ndiyo maana sindano za mtoto huanza mapema.

Mwanachama mmoja aliuliza UKIMWI waingilia wapi katika habari hii ya ofisi.

Jawabu: Virusi vya UKIMWI huingia ndani ya wale wasaidizi watoao idhini, ambao hospitali huwahesabu kwa jina la CD4. Majalada yamo, walinzi wapo, lakini hakuna wa kutia sahihi. Ndipo maradhi madogo hupata nafasi, na kifua kikuu kilichokuwa kimefungiwa huvunja mlango. Dawa za kufubaza virusi huwazuia visizaane, na wasaidizi huongezeka tena. Mtu azimezaye kila siku, virusi vikawa havionekani katika kipimo, aweza kuishi na kufanya kazi miaka mingi, wala hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hapa ndipo zile chupa za sokoni zimefanya madhara makubwa, kwa watu walioacha dawa wakashika chupa.

Swali la mwisho liliulizwa na mwanachama aliyepata barua ya kuhamia Kisarawe kutoka Iringa: afanye nini kabla ya kufunga mizigo?

Jawabu: Vyandarua vyenye dawa vifunguliwe usiku ule wa kwanza, visiachwe chini ya mizigo mpaka vitanda vipangwe. Ikiwa mkeo ni mjamzito, aende kliniki juma lile lile la kufika. Ujue mapema zahanati iliyo karibu na nyumba utakayopewa. Na kadi za kliniki za watoto zisitiwe katika sanduku litakalokuja nyuma kwa lori. Zichukue mkononi, pamoja na barua yako ya uhamisho.